Safu ya Lugha: Kubana si kupunguza

Kijana anayejaza watu nyimbo kwenye simu mtaani kwetu ameandika kibaoni: “FLAC, nyimbo ambazo hazijabanwa.” Zimebanwa, bwana! Mara nyingi faili la FLAC hubaki kama nusu tu ya ukubwa wa wimbo ulivyo kwenye CD. Ila kubana hakumnyang’anyi mtu kitu. Ukibana nguo sandukuni, ukifika Tanga unazikunjua zote, hata soksi. Ndivyo simu inavyofanya inapopiga FLAC.

Iliyopunguzwa ni MP3. Hiyo, pamoja na kubanwa, hutupiwa nje sauti zinazodhaniwa sikio halitazikosa, na zikitupwa hazirudi. Wengine husema “imechujwa”. Sikubali, anayechuja tui hutupa machicha, hapunguzi tui.

Halafu kuna hili “orijino” analolitamka kwa madaha. Tunalo asilia, kutoka asili, neno la Kiarabu lenye maana ya shina na chimbuko. Sasa yeye huchukua MP3, akaigeuza FLAC, akaiuza kwa jina hilo. Faili limenenepa tu, chimbuko lake ni lilelile.