Kula na kunywa katika mashua za Lualaba

Mtu wa Kamina anayekwenda Kinkondja ao Malemba-Nkulu anashuka kwanza Bukama, kisha anapanda mashua ya mbao yenye mota. Zamani, mbele reli ya Kamina–Kabalo haijaisha mwaka wa 1956, abiria wa kwenda Kabalo walipanda hapo meli za mvuke za CFL.

Leo hakuna mpishi wala meza. Kila jamaa inakuja na unga, sufuria na makala yake. Bukari inapikwa kwenye mbabula, mara nyingine karibu sana na madumu ya mafuta. Samaki mubichi ananunuliwa kwa wavuvi wa mitumbwi, na ni mutamu kweli.

Shida ni maji. Wengi wanachota mtoni, mto huohuo ambamo watu wanajisaidia, na maeneo ya maziwa Upemba na Kisale yanajulikana kwa kolera. Afazali kubeba maji yaliyochemshwa nyumbani, na kula chakula kingali moto. Mwenye kuanza kuhara maji-maji anyweshwe palepale: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kisha mashua isimame kwenye kituo cha afya cha karibu, hata mwenye mashua akikasirika.