Kabla Utoe Doo: Venye Utachagua Tyuna ya Mafuta ya Nduthi Yako

Kwa meza yangu kuna pistoni iko na shimo katikati, kubwa ya kidole kupita. Ilitoka kwa Duke 390 ya beshte yangu. Hiyo nduthi ilikuwa na ekzosi mpya kuanzia kwa injini hadi nyuma, filta ya wazi, na tyuna original, si ile feki ya kuokota mtandaoni. Hapa Nairobi ilikuwa inatembea balaa. Siku moja tukaamua kushuka Mombasa, wasee wanne. Tukipita Mtito Andei, akiwa amefungua mkono wote, injini ikaanza kugonga kama sufuria inapigwa na kijiko. Alafu moshi. Alafu kimya. Alirudi Nairobi nyuma ya pikapu ya vitunguu.

Tyuna yenyewe haikuwa na shida. Shida ilikuwa mapu, yaani lile jedwali la namba ndani ya tyuna linaloambia injekta imwage petroli kiasi gani. Ilikopiwa kwa nduthi ya msee mwingine, alafu fundi akasukuma taimingi mbele kwa kusikiza sauti tu. Wengi wetu tunanunua boksi tukisahau boksi haina akili. Inafanya kenye imeambiwa. Kwa hivyo ukianza kutafuta tyuna, swali la kampuni gani liweke kando kidogo. Uliza kwanza: nani atanitengenezea mapu, na atapima na nini?

Nduthi yako inaitaka kweli?

Kama unaendesha Boxer BM150 au nduthi nyingine ya kabureta, funga hizo kurasa za kuuza tyuna. Hakuna injekta, hakuna kompyuta ya kudanganya. Kazi yako inafanywa na jeti, vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu. Namba ikipanda, tundu linapanuka na petroli inaongezeka. Fundi anayejua kazi atakubadilishia jeti kubwa, apandishe au ashushe sindano, na bei yake haiwezi kukufanya ulale njaa.

Angalia vizuri pia mwaka wa nduthi. Royal Enfield Himalayan ilitoka 2016 ikiwa na kabureta, injekta zikakuja mwaka uliofuata. Ukiona jina tu kwa tangazo unaweza kununua kitu ambacho hakina pa kuchomekwa. Duke 390 nayo ilitoka 2013, lakini ile ya 2017 ilibadilishwa sana na mkono wa mafuta ukawa wa umeme badala ya kebo. Tyuna ya ile ya kwanza haiingii kwa hii ya pili hata ukiomba.

Alafu kuna hii imani ya mtaa: nduthi ikipiga risasi ukiachilia mkono, ati inataka tyuna. Si lazima. Mara nyingi ni hewa inaingia pale ekzosi inaungana na injini, juu mtu alirudishia gasketi ya zamani. Kagua hiyo kwanza. Mkebe wa nyuma peke yake, bila kugusa katalisti na filta, kawaida kompyuta ya kiwanda inaumudu bila msaada.

Dalili za ukweli ni tofauti. Unaenda spidi moja Thika Road na nduthi inavuta na kuachilia kama inasukumwa na mtu. Ukifungua mkono ghafla inasita kabla iamke. Feni ya radieta inawaka kila saa hata kama hakuna jam. Umetoa katalisti na umefungua filta kwa pamoja, au umeweka kemshafti nyingine, ama umepanua silinda. Ukifika hapo, tyuna si mapambo tena.

Kile kinachopimwa

Petroli gramu moja ikitaka kuungua yote inahitaji hewa kama gramu 14.7. Kompyuta ya kiwanda, ukienda polepole, inasoma sensa ya oksijeni kwa ekzosi na kurudisha mchanganyiko hapo hapo 14.7, juu ndiyo namba katalisti inapenda. Lakini injini ikitaka nguvu inapenda petroli zaidi, karibu 13 kwa 1. Ukiongeza hewa bila kuongeza petroli, nduthi inakimbia na njaa, na injini yenye njaa chini ya mzigo hupata moto. Ukimwaga petroli kupita kiasi nayo inaosha oili kwa ukuta wa silinda, plagi zinakuwa nyeusi, na kila wiki uko petrol station.

Kuna mtego hapa ambao wauzaji hawapendi kutaja. Sensa ya kiwanda inajua tu kama uko juu ama chini ya 14.7, haijui ni kwa kiasi gani. Na kama tyuna yako inaongeza petroli lakini sensa imeachwa vile ilivyokuwa, kompyuta inaona petroli imezidi na kuipunguza tena. Mnavutana mkiwa wawili. Tyuna nzuri hukuja na njia ya kushughulikia hiyo sensa. Uliza hivyo kabla utoe pesa. Muuzaji akianza kuzungusha macho, toka hapo.

Chaguo ziko sokoni

Anza na za kuepuka: zile waya mbili tatu za kuchomeka kwa sensa ya joto la hewa. Ndani kuna rezista tu. Inadanganya kompyuta ati hewa ni baridi ndio imwage petroli zaidi, kila mahali, kila saa, hata penye haihitajiki. Picha zake mtandaoni huwa kali sana. Wacha zikae huko.

Inayofuata ni tyuna ya kukaa katikati ya kompyuta na injekta. Kompyuta inatuma amri, tyuna inaishika, inaongeza au kupunguza asilimia fulani, alafu inaipitisha. Power Commander ya Dynojet kutoka Marekani ndiyo jina linalojulikana zaidi. Rapid Bike ya Italia iko kwa hiyo familia, na yenyewe inajirekebisha ikitumia sensa ya kiwanda. Kwa nduthi za India tulizozoea hapa, kuna PowerTRONIC ya kutoka Bangalore, ambayo inagusa petroli na taimingi ya cheche pia, na inabeba mapu mbili unazobadilisha na swichi. Uzuri wa hii aina ni kwamba inachomekwa kwa soketi za kiwanda bila kukata waya, na siku ukiuza nduthi unaitoa, unarudisha kila kitu kama zamani. Kwa mtu anayeanza, mimi ningechukua hii.

Ya tatu ni kuandika upya kompyuta yenyewe. Hakuna boksi la ziada chini ya kiti. Fundi anaunganisha laptopu na kubadilisha namba za kiwanda. Woolich Racing wa Australia wanafanya hivyo kwa nduthi nyingi za Japani, na kwa Harley kuna Power Vision. Hapa unaweza kufikia vitu tyuna ya katikati haifikii: joto la kuwasha feni, kikomo cha mizunguko, venye mkono wa umeme unafunguka. Ndiyo njia safi zaidi kama una mtu anayeijua. Lakini betri ikifa katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kufa nayo, kwa hivyo fundi asiyeunganisha chaja kwanza mwambie asante na uendeshe nduthi yako nyumbani.

Chochote utakachochagua, weka bajeti ya kupima. Kuna sensa ya waidibendi, ambayo tofauti na ile ya kiwanda inasoma namba kamili: 12.5, 13.2, 15. Inahitaji nati ichomelewe kwa paipu ya ekzosi. Baadhi ya tyuna zinauza moduli yake kando, na ukiiweka, tyuna inajifunza ukiendesha. Au upandishe nduthi kwa daino, ile mashine ya gurudumu la chuma ambapo nduthi inakimbia ikiwa imesimama, na mtu apime kila mzunguko na kila mfunguo wa mkono. Kama pesa zako zinatosha tyuna ya bei ghali bila kupima, ama ya bei ya kati pamoja na kupima, chukua ya pili bila kufikiria mara mbili.

Nairobi si Mombasa

Hapa ndipo beshte yangu aliumia, kwa hivyo acha nikae kidogo.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi: kila pumzi ya injini inabeba karibu moja ya tano pungufu kuliko pumzi ile ile Mombasa. Ukipanda hadi Timboroa, juu ya mita 2,700, inapungua zaidi. Kabureta haijui hii. Inamwaga petroli karibu ile ile, ndiyo maana nduthi ya kabureta iliyopangwa Pwani ikikuja Limuru inatoa moshi mweusi na kukohoa.

Nduthi ya injekta iko na sensa ya presha ya hewa, na kompyuta inajirekebisha. Tyuna ya katikati inaongeza asilimia juu ya hesabu ambayo tayari imerekebishwa, kwa hivyo upande wa petroli mambo huwa si mabaya sana ukishuka.

Taimingi ya cheche ndiyo mchezo mwingine. Hewa nyepesi inakandamizwa na presha ndogo, kwa hivyo huku juu injini inavumilia cheche ya mapema bila kugonga. Fundi anasukuma mbele, nduthi inakuwa na hasira, kila mtu anafurahi. Ukishuka Voi, hewa imekuwa nzito, jua ni kali, injini imejaa hadi mwisho, na cheche ile ile sasa inakuja mapema mno. Petroli inalipuka badala ya kuungua. Huko ndiko mashimo ya pistoni hutoka. Ukipangiwa taimingi Nairobi, mwambie fundi kwa mdomo wako kwamba hii nduthi itafika Pwani, na aache nafasi. Asipokuelewa unaongea nini, taimingi aiwache ya kiwanda, afanye petroli tu.

Ukinunua ya mkono wa pili

Hii nililipia mwenyewe. Nilipata tyuna ya kuandika kompyuta kwa bei nzuri, muuzaji alikuwa mpole, boksi lilikuwa na stika zote. Nikafika nyumbani nikagundua ilikuwa imefungwa kwa namba ya chesi ya nduthi nyingine. Tyuna nyingi za kuandika kompyuta hufanya hivyo: zikishatumika kwa nduthi moja, zinakataa nyingine hadi mwenyewe azifungue au ulipie leseni mpya. Kabla ya kulipa, muuzaji aunganishe kwa simu au laptopu mbele yako na aonyeshe kama imefunguliwa. Zile za katikati hazina huo ukaidi, lakini kagua soketi moja moja. Pini ikiwa na kutu ya kijani, ilikunywa maji ya mvua ya mtu.

Na maji ni stori yako pia. Mvua ya Aprili haiulizi. Boksi likae chini ya kiti, juu ya betri, mbali na gurudumu, waya zikiangalia chini ili maji yadondoke badala ya kutembea hadi kwa soketi. Kama nduthi bado iko na waranti, uliza dila kabla hujagusa kitu, kwa maandishi.

Beshte yangu alirudi barabarani baada ya miezi mitatu: silinda mpya, pistoni mpya, tyuna ile ile. Safari hii alikaa kwa daino siku nzima. Swichi ya mapu iko kwa mkono wa kushoto na ameizungushia tepi nyekundu upande mmoja. Upande huo taimingi ni ya kiwanda, na akifika Sultan Hamud anaubonyeza kabla ya kuagiza chai.