Programu Huria na Daftari la Nyanda za Juu Kusini

Katika mwaka wa 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza azma yake ya kuunda programu za kompyuta ambazo kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuzitumia, kuzichungua, kuzibadili na kuzigawa. Mwaka wa 1991 kijana wa Kifini, Linus Torvalds, akaitoa Linux, na lile lililodhaniwa kuwa ndoto likawa kazi. Walakini ruhusa ya kubadili ni jambo moja, na uwezo wa kubadili ni jambo jingine. Mfanyabiashara wa Mbeya au Iringa alipewa la kwanza bila la pili.

Lugha ndiyo iliyotangulia kushughulikiwa. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Kazi hiyo yastahili sifa. Lakini aliyetafsiri jina la kitufe hajatafsiri bado desturi ya soko.

Tuseme ni viazi vya Uporoto. Programu za hesabu zilizoundwa Ulaya hudhani ya kwamba kila bidhaa ina kipimo kisichobadilika. Sokoni viazi huuzwa kwa debe, kwa ndoo na kwa gunia. Sheria ya vipimo yataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa yajulikana na kila mtu. Karani akiandika gunia moja, programu itasema kweli juu ya idadi na uongo juu ya uzito, na anayepunjika ni mkulima. Kulirekebisha jambo hilo kwataka fundi, na fundi hutaka ujira.

Mfano mwingine ni Odoo, iliyoanzia Ubelgiji mwaka wa 2005 kwa jina la TinyERP. Huku nyumbani, tangu mwaka wa 2008 malipo yalianza kupita katika simu kwa M-Pesa, na tangu 2010 Mamlaka ya Mapato ilianza kuwadai wafanyabiashara risiti za mashine maalumu. Programu isiyounganishwa na mambo hayo humlazimisha karani kuandika mauzo yale yale mara mbili. Tena, mwaka wa 2015, toleo la 9 liliihamisha sehemu kubwa ya uhasibu hadi upande wa kulipia. Hali kadhalika, kila toleo jipya lijapo, marekebisho ya zamani huenda yakavunjika, ikabidi kazi ianze upya.

Mafundi hawakukosekana kabisa. Chuo cha Tumaini cha Iringa, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianza mwaka wa 2007 kufundisha shahada ya teknolojia ya habari kwa kushirikiana na chuo cha Joensuu, Ufini, na mafunzo yakakusudiwa kufuata mahitaji ya mahali. Walakini fundi akihamia Dar es Salaam bila kuandika alichokibadili, duka hubaki na chombo ambacho hapana akijuaye.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Rekebisho moja la gunia, likiandikwa kwa Kiswahili na kurudishwa katika ghala la wote, lingewafaa wauza viazi wa Mbeya na wauza mahindi wa Iringa pamoja. Likifichwa katika kompyuta moja, hufa pamoja nayo, na jirani huanza kulilipia tena tangu mwanzo.