Dhambi ya Siri na Msikilizaji Wake: Ushuhuda wa Kikristo Bungoma na Kitale

Katika uhakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya, ushuhuda wa kanisani umepewa nafasi finyu ukilinganishwa na ngano, nyimbo na methali. Yaelekea wahakiki wameamini kwamba ushuhuda si sanaa: anayeusema anasema kweli, basi. Lakini ushuhuda una mianzo yake, fomula zake na hadhira yake, na juu ya hayo una kazi isiyo ya ngano, yaani kukitoa nje kitu ambacho pengine msemaji mwenyewe hakujua kuwa anacho. Historia ya Bungoma na Kitale yaonyesha kwamba upatikanaji wa kitu hicho hautegemei moyo wa msemaji peke yake, bali hutegemea pia ni nani anayesikiliza.

Msamiati wenyewe unalidokeza jambo hili. Mkatoliki huungama mbele ya padri, faraghani. Mprotestanti hutubu, kwa neno lenye asili ya Kiarabu ambalo Waislamu wa pwani walikuwa nalo zamani kabla ya misheni. Mfuasi wa Uamsho hushuhudia, na shahidi hana maana pasipo baraza. Tena katika Zaburi ya 139, kama ilivyo katika Biblia ya 1952, mwombaji anamsihi Mungu amchunguze. Kitenzi hicho ndicho kitumikacho kwa kazi ya polisi, na kwa kazi ya mtafiti pia.

Marafiki (Wakweka) wa kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na kazi yao ikaenea kaskazini hadi nchi ya Wabukusu. Mapokeo ya kale ya dhehebu hilo ni kuketi kimya, bila padri wala sakramenti, kila mtu akijipekua mbele ya nuru ya ndani. Wale wa Kaimosi, hata hivyo, walikuwa wainjilisti waliohubiri na kuimba. Mwaka 1927 mahubiri ya Arthur Chilson yaliwafanya waumini wakiri dhambi zao hadharani, kwa kilio na kwa kunena kwa lugha. Baadhi ya viongozi walifadhaika, na waliojazwa Roho wakaishia kutengwa na kuunda makanisa yao. Haifai kudhani kwamba toba ndiyo iliyokataliwa. Kilichokataliwa ni sauti yake, na ukweli kwamba haikungoja kupewa zamu. Zakayo Kivuli, aliyeanzisha kanisa la African Israel Church Nineveh mwaka 1942, naye alilipa ungamo la hadharani nafasi kubwa katika ibada.

Sambamba na hayo palikuwa na Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini, Rwanda, na kufika Kabete mwaka 1937. Wafuasi wake waliita maisha yao kutembea katika nuru. Walikutana mara kwa mara katika vikundi vidogo, wakitajiana kosa la jana na la leo: hasira, wivu, uongo mdogo. Aliyeiba alitakiwa arudishe alichoiba, hata kama mwenye mali alikuwa mwajiri wake.

Hapo ndipo Kitale inapoingia. Ardhi ya Trans Nzoia, iliyokuwa malisho ya Wasabaot na majirani zao, iligawiwa walowezi, wakiwamo askari wa Kiingereza waliopewa mashamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Tuchukue mfano wa kibarua Mkristo wa Kibukusu aliyefanya kazi katika mashamba hayo. Kwa mafunzo aliyopata, debe la mahindi alilochukua usiku lilikuwa dhambi ya siri, lenye fomula ya kulitaja na ndugu wa kulisikia. Shamba lilikotoka debe hilo halikuwa na fomula. Halikuwa siri, na pengine ndiyo sababu halikutafutwa.

Elijah Masinde wa Kimilili alilitaja. Alikuwa amelelewa katika Kanisa la Marafiki, akatengwa kwa kuoa mke wa pili. Kosa lake, basi, lilikuwa la aina ambayo kanisa lilijua kuisikia. Katika Dini ya Msambwa aligeuza mwelekeo wa uchunguzi: akawaambia Wazungu waondoke, na wafuasi wake warejee kwa sadaka za mababu. Serikali ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945, akatoka mwaka 1947. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati huko Malakisi, watu 11 wakauawa. Dini hiyo ikapigwa marufuku mwezi huohuo, na baadaye Masinde akawekwa kizuizini Lamu.

Tangu siku hiyo ushuhuda wa Mkristo wa Kimilili ulibadilika bila neno hata moja kubadilika. Aliyesimama mbele ya ndugu na kukiri kwamba alikwenda kwenye sadaka za Msambwa alikuwa ametubu. Alikuwa pia amekiri kosa la jinai. Sentensi ilikuwa ileile, nayo ingeweza kusikiwa na mzee wa kanisa, na chifu vilevile. Mhakiki atakayekusanya shuhuda za miaka hiyo hana budi kuhesabu ukimya kuwa sehemu ya matini, wala asiuite unafiki haraka.

Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1964, baada ya uhuru. Mwaka 1968 serikali ya Kenya huru iliirudisha.