Chumba kitupu: safari ya neno "cell"

Chukua kizibo cha chupa ya mvinyo, kile cha gome la mti, si cha plastiki. Kikate kwa wembe upate kipande chembamba kabisa, kisha kiweke chini ya hadubini. Hivi ndivyo alivyofanya Robert Hooke huko London, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1665 katika kitabu chake Micrographia. Alikuwa na umri wa miaka 29. Alichokiona ni matundu, mengi, yamepangana kama sega la nyuki ila si kwa unadhifu ule. Akaanza kuyahesabu. Alipata kama 60 katika sehemu moja ya 18 ya inchi, yaani 1,080 kwa inchi nzima. Piga hesabu kwa urefu, upana na kina: inchi moja ya ujazo ina matundu 1,259,712,000. Mwenyewe alishangaa.

Matundu yale aliyaita kwa majina kadhaa. Mara matundu tu, mara visanduku, mara "cells". Hilo la mwisho ndilo lililobaki, na leo kila mwanafunzi wa baiolojia lazima alikariri.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba Hooke aliwaza vile vyumba vidogo wanamolala watawa. Ni hadithi nzuri, lakini ukisoma sehemu yake ya kizibo, watawa hawamo. Nyuki wamo. Kumbe neno lilikuwa na maana zote mbili hata kabla yake. Kwa Kilatini, cella ni chumba kidogo: stoo ya nafaka au divai, kijumba cha mtumwa, chumba cha ndani cha hekalu, na pia kitundu cha sega la asali. Waingereza walilipokea karne nyingi kabla ya Hooke kwa maana ya kinyumba cha watawa, kisha chumba cha mtawa mmoja mmoja. Kutoka hapo hadi chumba cha mfungwa si mbali.

Ukilifuata nyuma zaidi unakuta kitu cha kufurahisha. Wanaisimu wanalirudisha cella kwenye mzizi wa kale sana wenye maana ya kufunika au kuficha. Mzizi huohuo ndio uliozaa "conceal" (kuficha), na kwa upande wa lugha za Kijerumani ukazaa "hall" (ukumbi) na "hell", yaani jehanamu, mahali palipofichwa. "Cellar", stoo ya chini ya nyumba, ni ndugu wa karibu. Ila "cello", ile fidla kubwa, haimo kwenye ukoo huu. Ni kifupi cha violoncello, na kufanana ni bahati tu.

Sasa turudi kwenye kizibo, maana hapa ndipo penye jambo.

Hooke alikuwa anaangalia maiti. Kizibo ni gome lililokufa, na kilichobaki ni kuta tu. Kilichokuwa hai ndani kilishaondoka zamani. Ni kweli kwamba alitazama pia mimea mibichi akaona vitundu vyake vimejaa majimaji, lakini jina lilishatolewa na lilikuwa jina la chumba, tena kitupu. Na jina likishaingia, watu huanza kuangalia kile linachokitaja. Kwa zaidi ya miaka 150, walioshika hadubini walihangaika zaidi na kuta kuliko vilivyomo ndani.

Mambo yalibadilika taratibu. Mwaka 1831 Robert Brown alieleza kiini alichokiona ndani ya seli za mimea. Mwaka 1838 Matthias Schleiden akasema mimea yote imejengwa kwa seli, na mwaka uliofuata Theodor Schwann akasema hata wanyama. Lakini hapo jina likaanza kuwa na shida: seli nyingi za wanyama hazina ukuta wowote wa kuonekana. Chumba kisicho na ukuta ni chumba gani? Mwaka 1861 Max Schultze alisema waziwazi kwamba ukuta si sharti, na kwamba seli ni bonge la uteute hai lenye kiini ndani yake. Yaani maana iligeuka kichwa chini miguu juu. Mwanzoni seli ilikuwa kuta bila kitu ndani, na sasa ikawa kitu cha ndani bila kuta. Jina halikuguswa. Julius Sachs alijaribu mwaka 1892 kuleta neno jingine, "energid", likakataa kushika.

Huku neno likaendelea kuzaa. Anselme Payen, Mfaransa, alipotenga ile dutu inayojenga kuta za mimea miaka ya 1830, ikaitwa selulosi. Kutoka selulosi ikaja seluloidi, iliyotumika kwenye filamu za mwanzo za sinema, na selofani, ile karatasi inayong'aa ya kufungia zawadi. Mafundi wa umeme nao wakalichukua kwa kile chombo kimoja kinachozalisha umeme, na ukiunganisha kadhaa unapata betri. Wanasiasa wa siri wakalitumia kwa kikundi kidogo kisichojua vikundi vingine. Desemba 1947, wahandisi wa Bell Labs huko Marekani waliandika pendekezo la kugawa eneo katika vipande vidogo vya pembe sita, kila kipande na mnara wake, ili masafa yaleyale ya redio yatumike tena na tena. Kila kipande kikaja kuitwa "cell". Ndiyo maana Mmarekani anaita simu ya mkononi "cell phone": ndani ya jina la simu yako mmejificha sega la nyuki.

Na sisi Waswahili je? Tumeligawa neno vipande vipande. Aliyekamatwa na polisi analala "seli", au mtaani tunasema selo. Kundi la nyumba kumi lililoanzishwa na TANU miaka ya 1960, ambalo walioandika kwa Kiingereza waliliita "cell", kwetu ni nyumba kumi tu, na kiongozi wake ni balozi. Hapo naona tuliwashinda, maana picha ni ya watu na nyumba zao, si ya siri wala gereza. Kwenye mwili ndipo tulipobaki na majina mawili yanayogombana: seli, ambalo ni sauti tu ya Kiingereza, na chembe hai. Chembe ni punje, kitu kidogo kigumu kama chembe ya mchanga. Tena chembe hiyohiyo tunaitumia tunaposema chembe za urithi, ambazo ni kitu kingine kabisa.

Unaweza kusema haya ni mambo ya walimu wa lugha. Niliwahi kudhani hivyo. Kisha nikajitolea kwa miezi michache kwenye kliniki ya ugonjwa wa seli mundu.

Historia fupi kwanza. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za mgonjwa, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada, ambaye damu yake ilikuwa na umbo la ajabu, refu na lililopinda kama mundu. Herrick hakuandika "cells". Aliandika "corpuscles", yaani vijimwili. Jina la "sickle cell" lilikuja mwaka 1922. Baadaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki akaona kwamba hali ya kubeba kinasaba hiki imeenea zaidi pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, na ni adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha kwamba mwenye kurithi nakala moja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na nakala mbili, yaani wagonjwa.

Siku moja nilikuwa namweleza mama mmoja habari za mwanawe. Neno mundu alilielewa papo hapo, nyumbani kwao wanavuna mpunga. Akaniuliza, "Na hiyo seli, mwanangu, iko wapi mwilini?" Nikasema, "Ni vyumba vidogo sana, mama." Akakunja uso. Nikabadilisha: "Ni chembe ndogondogo kwenye damu." Akasema, "Basi hizo chembe ndizo zinamchoma? Zitolewe."

Nilikwama, kwa sababu picha zote mbili zilikuwa zinamdanganya. Ukuta wa chumba haupindi, na chembe ya mchanga haibonyei. Seli nyekundu nzima kazi yake yote ni kubonyea: inapita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Kwenye seli mundu, himoglobini ikishaachia oksijeni inajishikanisha kuwa nyuzi ngumu, seli inakakamaa, inapinda, inaziba njia. Maumivu yanatoka hapo.

Yule mama alikuwa anauza barafu za ubuyu za kwenye mifuko. Nikamuuliza, mfuko ukiwa bado haujaganda unaupitisha kwenye tundu la ngumi yako? Akasema unapita. Na ukigandia kwenye friji umejikunja? "Utabaki hivyohivyo umejikunja, haupiti popote." Nikamwambia ndiyo hiyo, mama, damu ya mtoto imejaa mifuko ya namna hiyo, na akiishiwa maji au akipata homa au baridi kali, mingi inaganda kwa pamoja.

Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza kama wale wadogo zake wawili walioko nyumbani nao wanatakiwa kupimwa. Nikamwambia ndiyo, na muuguzi akafungua daftari kumtafutia tarehe.