Cheti kisicho na muhuri

Cheti changu cha uchumi hakina muhuri. Nilikichapisha kwenye kibanda kimoja karibu na soko la Kenya, kwa karatasi nzito kidogo ili kipate heshima, nikakipeleka nyumbani kumuonyesha baba. Akakigeuza mbele na nyuma, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti ya dolari.

"Muhuri iko wapi?"

Nikamwambia hakuna, baba, ila kuna namba hapa chini, mtu akiiandika kwenye intaneti atakuta jina langu.

"Na ule profesa, alikuona?"

Hapana, hajaniona.

"Aa. Basi ile njo masomo ya namna gani?"

Wandugu wa chama, mimi nilisoma historia, si uchumi, na mtu wa historia akiulizwa swali anaanzia nyuma. Mniwie radhi. Swali la baba linastahili jibu refu.

Kwa mtu wa Lubumbashi, kusoma uchumi kwa mbali kulianza zamani kuliko intaneti. Chuo kikuu chetu kilifungua milango mwaka 1956, mji ukiitwa bado Elisabethville. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ikachukua vyuo vikuu vitatu vya nchi, Lovanium ya Kinshasa, kile cha Kisangani na hiki cha kwetu, ikavifanya kimoja: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA. Vitivo vikagawanywa kama mali ya marehemu. Sisi tukapata lugha na fasihi, tukapata sayansi za jamii. Uchumi ukakusanywa Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka hapa.

Hebu tulitazame vizuri jambo hilo. Mji huu ulizaliwa 1910 kwa ajili ya mukuba, haukuwa na sababu nyingine. Sehemu kubwa ya pesa za kigeni za nchi ilitoka kwenye mukuba huohuo. Lakini kijana wa Katuba aliyetaka kuelewa kwa nini bei yake inapangwa London, kwa watu ambao hawajawahi kuona vumbi la kwetu, alitakiwa kwanza afike Kinshasa. Bei ikaanguka kati ya 1974 na 1975, nchi ikaanza kuzama kwenye madeni, na mji uliochimba ule mukuba haukuwa na kitivo cha kulisoma anguko lile. UNAZA ilivunjwa 1981, tukawa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na leo kitivo cha uchumi tunacho. Lakini miaka kumi si kidogo. Mimi naona ilituachia mazoea ya kuamini kwamba hesabu za mukuba ni kazi ya watu wa mbali, na kazi yetu ni kuuchimba tu.

Halafu ikaja 1990. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei wanafunzi walishambuliwa kwenye kampasi yetu, na idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Wazee wa chama hiki waliokuwapo wataandika wenyewe siku wakitaka. Mimi nataja tu kilichofuata: Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire, na msaada uliokuwa ukipitia njia hiyo ukakauka. Waliosoma miaka iliyofuata wanajua silabusi ni nini: fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia, mifano ya viwanda vya Ulaya, na mtihani unaokutaka uirudishe neno kwa neno. Ilikuwa kusoma kwa mbali pia, ingawa mwalimu alisimama mita tatu mbele yako.

Uchumi wenyewe ulifundishwa barabarani. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za mukuba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilifika 1994 ikitoa karibu tani 30,000. Mwaka huohuo bei za vitu nchini zilipanda kwa zaidi ya 9,000 kwa mia. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 1993, ilitolewa pesa mpya, zaire mpya moja kwa zaire za zamani milioni tatu. Kasai wakaikataa. Wakaendelea kutumia noti zile za zamani, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akichapisha nyingine, zikashika thamani kuliko zile mpya. Nchi moja, pesa mbili, na iliyofutwa na serikali ndiyo yenye nguvu! Profesa yeyote wa mambo ya fedha duniani angeuza shati lake kupata mfano kama huo. Miaka mingi baadaye nimefuata kozi nne za uchumi kwenye intaneti, na katika zote nne sikusikia neno Kasai hata mara moja.

Wengine walikuwa wameshafikiria namna ya kumfikia mwanafunzi aliye mbali. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wa nje tangu 1858. Watanzania walitunga sheria ya Chuo Kikuu Huria 1992, na 1994 wakaanza kufundisha, mtu akibaki na kazi yake na shamba lake huku anasoma. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ikaanzisha kutoka Washington Chuo Kikuu cha Afrika cha mtandaoni, masomo yakiteremka kwa setilaiti mpaka kwenye vyumba vya vyuo vya Afrika, na baadaye makao yakahamia Nairobi. Lishikeni hilo jina la Benki ya Dunia, nitalirudia sasa hivi.

Mwaka 2003 na 2004 Benki hiyohiyo iligharimia mpango wa kupunguza wafanyakazi wa Gécamines. Wenye miaka 25 na zaidi kazini walipewa nafasi ya kutia sahihi, kupokea pesa kwa mara moja na kuondoka. Zaidi ya watu 10,000 walitia sahihi. Kwa Kifaransa mpango uliitwa wa kuondoka kwa hiari. Miaka hiyo mishahara ilikuwa nyuma miezi mingi sana, kwa hiyo neno hiari mlipime wenyewe. Profesa Dibwe dia Mwembu wa hapa kwetu alikuwa ameshaandika 2001 kitabu juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba katika kichwa kile ni kampuni: iliyotoa nyumba, posho ya unga, shule na hospitali. Wazee walikuwa wakisema kazi njo baba, njo mama.

Baba yangu alitia sahihi. Akanunua lori la mitumba la kuleta unga kutoka Kasumbalesa. Lori likatembea miezi minane, likafa injini. Pesa iliyobaki ikaenda kwenye injini nyingine, nayo ikafa. Mimi nilikuwa na umri wa kuanza chuo, na nilichelewa miaka mitatu kuanza. Sitaki kusema uongo hapa: nilimlaumu. Sikumwambia, lakini alijua. Kila nilipotaja mtoto wa jirani aliyeanza chuo kwa wakati wake, baba alisimama akatoka nje.

Sasa turudi kwenye cheti. Mwaka 2013 rafiki mmoja alinionyesha kozi ya bure ya chuo cha MIT cha Marekani juu ya umaskini duniani, walimu wakiwa Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Ilikuwa kwa Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha nyimbo. Nikaishia wiki ya pili. Kilichoniokoa ni kugundua kwamba Duflo ni Mfaransa, na kwamba mwaka 2009 alifundisha Collège de France kwa lugha niliyosomea, video ziko wazi kwa kila mtu. Nikazishusha usiku, saa ambazo mega ni rahisi, nikazitazama mchana, pale umeme unapokuwapo. Mwenye simu ya zamani na mtaa wenye delestaje anajifunza kupanga muda kabla hajafika kwenye somo la kupanga matumizi. Baadaye nikarudi kwenye Kiingereza nikiwa na kamusi, na nilipofika hapo MIT ilikuwa imeshafungua mfululizo mzima wa kozi zenye cheti, bei ikipangwa kwa kipato cha mtu. Hizo sikuzifika. Niliishia kwenye kozi za chini yake, na cheti changu ni cha mojawapo.

Kuna wazo moja lililonishika na kukataa kuniachia. Walimu hao wanasema hivi: ukitaka kujua jambo fulani limemfanyia mtu nini, usilinganishe hali yake ya leo na ya jana. Ilinganishe na ile ambayo angekuwa nayo leo kama jambo lile lisingetokea. Hiyo ya pili hakuna anayeiona. Ndiyo sababu wanatafuta watu wengine wanaofanana naye ambao hawakuguswa. Mfano wao mkubwa ni wa Busia, Kenya, shule za msingi 75, ambako Michael Kremer na Edward Miguel waligawa dawa za minyoo kwa zamu, shule nyingine zikianza na nyingine zikingoja, ili wawe na cha kulinganisha. Kremer, Banerjee na Duflo walipata Nobel pamoja mwaka 2019.

Nilikuwa nimekaa kitandani, simu kwenye chaji, nikisikiliza maelezo hayo. Nikasimamisha video. Miaka yote ile nilikuwa nimemlinganisha baba wa lori lililokufa na baba wa 1985, mwenye ovaroli safi na mfuko wa unga kila mwezi. Baba wa 1985 hakuwa kwenye orodha ya kuchagua. Wa kulinganishwa naye alikuwa jirani wa hali yake, mwenye miaka ileile kazini, ambaye karatasi ililetwa mbele yake akakataa kutia sahihi.

Mwisho wa kozi tuliagizwa kila mmoja aandike utafiti mdogo wa kwao, na wanafunzi wenzetu wasahihishe. Nikazunguka makambi ya zamani ya kampuni na mitaa ya Katuba na daftari. Wazee kumi na wawili walikubali kuongea. Nikaandika walichonunua: mashine za kusaga, mashamba, mabati, ada za watoto, wawili walinunua magari kama baba. Nikatuma. Msahihishaji mmoja kutoka Brazil akaandika kwa upole mstari mmoja tu: wale ambao hawakuondoka wako wapi?

Sikuwa nao. Nilikuwa nimerudia kosa langu lilelile, safari hii kwa daftari na kalamu.

Nikaomba muda wa kurekebisha, nikapewa mpaka katikati ya Januari 2019. Mnakumbuka kilichotokea. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba, na kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima, karibu wiki tatu. Iliporudi, kozi ilikuwa imefungwa. Cheti nilikipata mwaka uliofuata, kwa kazi nyingine, juu ya bei ya unga wa mahindi Zambia inapozuia mahindi yake yasivuke mpaka. Kazi nzuri, alama nzuri, na haikuniuma popote.

Kwa hiyo siku ile ya muhuri, baba alipouliza ni masomo ya namna gani, nilimjibu kwa kumweleza juu ya jirani asiyetia sahihi. Nilimweleza kwa Kiswahili, na mtu akitaka kujua kama ameelewa uchumi ajaribu kufanya hivyo mbele ya mzee wa miaka sabini aliyefanya kazi kwenye tanuru. Alisikiliza mpaka mwisho. Akataja majina mawili ya watu waliobaki kazini. Mmoja alifariki kabla ya malimbikizo yake kulipwa. Wa pili alihamia kwa watoto wake Likasi.

"Njo kusema," akauliza, "kama mi ningebaki?"

Nikamwambia sijui, baba. Bado sijui. Nikamwambia pia kwamba ile habari ya chuo, miaka mitatu, nilikuwa naihesabu vibaya. Hakujibu. Alichukua cheti akakiweka kwenye faili lake la plastiki, pamoja na karatasi yake ya mwisho wa kazi, ambayo ina mihuri mitatu.

Ile kazi nimeifungua upya, bila kozi na bila tarehe ya mwisho. Daftari lina majina 31 ya waliotia sahihi. Ya wasiotia sahihi yako manne tu, na mmoja ni yule mzee wa Likasi, ambaye namfuata Jumamosi kwa basi. Nafahamu humu ndani wako wana wa Gécamines wengi, wa hapa, wa Kipushi, wa Kolwezi. Kama mzazi wako alipewa karatasi ile akakataa, niandikie: alikuwa na miaka mingapi kazini, alilipwa lini kwa mara ya mwisho, na nyumba iliishi kwa nini miaka iliyofuata. Jina si lazima. Waliotia sahihi nao waandike, lakini hao ninao wengi.