Kusikia sauti si kushika neno: historia ya kuwapima watoto masikio

BUTEMBO – Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, familia nyingi zimekimbilia mijini, na watoto wao wameingia katika madarasa yaliyokuwa yamekwisha kujaa. Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza 2019, iliongeza wanafunzi wengine. Mvua ikigonga mabati na mashine ya kusaga ikinguruma jirani, mtoto wa nyuma husikia sauti ya mwalimu bila kushika maneno. Akinyamaza, huitwa mjinga au mkaidi.

Namna ya kumpima mtoto kama huyo imetafutwa kwa karibu miaka 100.

Katika miaka ya 1920 huko Marekani, Harvey Fletcher na wenzake wa maabara ya simu ya Bell walitengeneza chombo cha kupima hadi watoto 40 kwa mara moja. Santuri ilitamka namba, sauti ikipungua hatua kwa hatua, na watoto wakaandika walichosikia. Lakini mtoto asiyejua kuandika namba aliachwa nje.

Vita ya Pili ya Dunia ilileta swali la kelele. Ndani ya ndege na vifaru, wanajeshi walishindwa kuelewana kwenye redio. Chuo kikuu cha Harvard kikatunga orodha za maneno mafupi ya kupima kama ujumbe unafika katikati ya ngurumo. James Egan alizieleza katika andiko la 1948. Mwaka uliofuata, Haskins alitunga orodha ya maneno ambayo watoto wa chekechea huyajua.

Hata hivyo mtoto alitakiwa kurudia neno, na mdogo anaweza kulisikia vizuri akalitamka vibaya. Ndiyo maana mwaka 1970 Mark Ross na Jay Lerman walitumia picha: mtoto anaonyesha kwa kidole. Mwaka 1977, Barry McCormick wa Uingereza alitumia vitu 14 vya kuchezea, viwili viwili vyenye majina yanayokaribiana.

Mwaka 1979, Lois Elliott alionyesha kwamba katika kelele, watoto wa miaka 9 hushika maneno machache kuliko wakubwa wao, hata masikio yakiwa mazima. Mtu mzima hujaza pengo kwa maneno aliyozoea. Mtoto bado anayajifunza.

Kwetu kuna jambo la zaidi. Mtoto aliyekulia kijijini kwa Kinande anaweza kushindwa neno la Kiswahili au la Kifaransa kwa sababu halijui. Orodha za Kiingereza haziwezi kutafsiriwa tu. Kwa Kiswahili ingefaa jozi kama taa na saa, jiko na jino, kiti na miti. Kwa Kinande zitafutwe za Kinande.

Mwalimu au mzazi anaweza kuanza na vitu ambavyo mtoto anavijua. Afunike mdomo kwa karatasi ili mtoto asisome midomo, avitaje kwanza penye utulivu, kisha penye kelele. Akishindwa penye kelele peke yake, asogezwe mbele. Akishindwa hata penye utulivu, au sikio likitoa usaha, au aliwahi kuugua surua kali au homa ya uti wa mgongo, apelekwe kituo cha afya. Asichapwe kwa neno ambalo halikumfikia.